Saa Kumi Kasorobo

Njoki mwanangu,

Kwanza, hili shavu langu si jino. Nimekudanganya tangu Alhamisi, nikakuacha unichemshie maji ya chumvi na kunisumbua niende kwa daktari, na kumbe najua vizuri sana lilivyovimba. Nilipigwa. Aliyenipiga ni mama mzee anayeuza makaa kule Rhonda, alinipiga na gorogoro, ule mkebe wake wa kupimia, na alikuwa na haki ya kunipiga hata mara kumi. Nitakueleza kwa nini.

Saa hii uko kwa kinyozi, kwa sababu chuo cha polisi hakitaki nywele, na foleni ya Jumapili naijua, kwa hivyo nina kama masaa mawili. Mambo ya soksi, sabuni na viatu vya mazoezi, shangazi yako ameshayaandika kwenye karatasi, hadi idadi ya chupi ameweka. Hayo mimi siyagusi. Kwa mdomo haya yangu yamenishinda. Nimejaribu mara mbili wiki hii, mara ya kwanza ukipiga pasi, mara ya pili tukikatakata sukuma wiki, na mara zote mbili nimeishia kukugombeza bure.

Siku ya maombi ya kukuaga ulisimama mbele ya watu ukasema unaenda upolisi kwa sababu unataka kuwa kama mama. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nikaenda chooni nikalia, na si machozi ya furaha kama alivyowaambia shangazi yako. Usiwe kama mimi, Njoki. Haki ya Mungu, usiwe kama mimi.

Ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa konstebo, nakaa mezani pale ripoti ofisi, napokea watu na kuandika kwenye OB, kile kitabu kikubwa cha matukio. Zamu yangu ilikuwa inaisha saa kumi jioni. Siku hiyo mwalimu wako alikuwa amenipigia simu kwamba una joto, umetapika, nije nikuchukue. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani kuliko nilivyokuwa naangalia watu.

Saa kumi kasorobo akaingia mama mmoja, amelowa povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Alikuwa anafulia watu nguo mjini. Jina lake Mama Neema. Aliniambia mtoto wake Neema, wa darasa la kwanza, alitoka shule saa saba kama kawaida, majirani walimwona akiingia kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga, na baada ya hapo hakuna aliyemwona.

"Umeuliza kwa majirani?" nikamuuliza.

"Nimeuliza ploti nzima, afande. Nimeuliza hadi kwa kisima. Amevaa sweta ya kijani na viatu nyeusi za shule. Kamba za viatu zilikatika, nikamfungia na utepe mwekundu, nusu huku, nusu huku. Haki nisaidie."

Aliniambia yote. Kila kitu ambacho polisi anatakiwa kuuliza, yule mama alinipa mwenyewe bila kuulizwa, akiwa amesimama na maji yanadondoka kwenye sakafu yangu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kalamu tu.

Sasa sikiza kwa nini sikuichukua. Pale kwetu, ukiandika ripoti kabla zamu haijaisha, ripoti ni yako. Unampigia bosi, unatafuta gari, unaenda nyumbani kwa mlalamishi na unafungua kila mlango, hata kama wenzako wameshabadilisha nguo. Ukiandika mtoto amepotea saa kumi kasorobo, wewe hutoki saa kumi. Na mimi nilikuwa na mtoto mgonjwa shuleni. Nilikuwa nakukimbilia wewe.

Nikamwambia, "Mama, sheria inasema masaa ishirini na nne. Watoto hucheza wakasahau nyumbani. Kama hatakuwa amerudi, uje kesho saa kama hii."

Hakuna sheria kama hiyo. Haijawahi kuwa. Mtoto akiripotiwa amepotea unaandika dakika hiyo hiyo na unaondoka dakika hiyo hiyo, na mimi nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo. Tulikuwa tunaisema tu, sisi watu wa mezani, na raia walikuwa wanaiamini kwa sababu inatoka kwa mtu mwenye kofia. Yule mama aliniamini. Alisema, "Asante, afande." Njoki, alinishukuru!

Nikaja nikakuchukua. Ulilala mgongoni mwangu hadi nyumbani, nikakupa dawa, nikakupikia uji, na nilikuwa na raha, usifikiri nilikuwa na wasiwasi. Nilimsahau yule mama kabla sijafika kwa geti la shule yako.

Rhonda, mtaa wa Mama Neema, kulikuwa na kijana mmoja mwenye miaka kama ishirini na mitano, anaokota vyuma na plastiki, hasemi wala hasikii tangu azaliwe. Watu walimwita Bubu. Alikuwa anaongea kwa mikono na mama yake peke yake, na mama yake ndiye huyo muuza makaa. Jioni ile Mama Neema alizunguka mtaa mzima akilia na kuonyesha watu kipande cha ule utepe kilichobaki, kwa hivyo hata yule kijana aliuona. Asubuhi, akiokota vyuma kwenye mtaro nyuma ya ile ploti, akakuta kiatu cheusi kidogo, kamba yake utepe mwekundu.

Unajua alifanya nini? Alikipeleka polisi. Alitembea na kiatu mkononi hadi stesheni yetu, kwa miguu, akafika saa mbili asubuhi.

Mimi nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuingia saa nne kwa sababu yako. Mezani alikuwa mwenzangu, jina lake silitaji kwa sababu kosa halikuwa lake. Aliona mtu mchafu, anatoa sauti za ajabu, anapiga kiatu cha mtoto kwenye meza na kuonyesha Rhonda kwa kidole. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba alifungua OB akaangalia ukurasa wa jana na wa leo. Hakuna mtoto aliyepotea. Hakuna utepe. Hakuna kitu. Akamfukuza. Kijana akarudi, akafukuzwa tena, mara ya pili na rungu la mgongo. Akashika njia ya kurudi Rhonda, kiatu bado mkononi.

Rhonda nako watu walikuwa wameamka na hasira. Polisi wamekataa, basi tutatafuta wenyewe. Ndivyo walivyosema, na hapo siwalaumu. Walikuwa kama mia mbili, wanaume na wanawake, wamebeba mbao na vyuma. Mbele yao alikuwa mtunza ploti, yule anayekusanya kodi na kukaa na funguo za vyumba vyote. Usiku kucha alikuwa amemsaidia Mama Neema kutafuta na kumfariji. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kile kiatu mkononi mwa yule kijana.

"Ndiye huyo! Mshike! Kiatu cha Neema hicho!"

Simu ilipigwa nikiwa ndio naingia kazini. Tulienda watu wanne. Tulipofika hatukumwona, tuliona migongo ya watu tu, na vumbi, na tukasikia ile sauti ya mbao ikigonga mtu, ambayo mpaka leo nikisikia mtu anapiga godoro nafunga dirisha. Tulipiga risasi juu, mara tatu. Watu wakafunguka kidogo, nikaingia.

Alikuwa amepiga magoti. Taya lilikuwa limetoka mahali pake, jicho moja limefungwa na damu, na mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Shati walikuwa wamelichana, na mtu alikuwa ameshamwagia petroli, nilikuwa naisikia harufu. Na Njoki, alikuwa bado anaongea. Kwa mikono yake, vidole viwili vimevunjika, alikuwa anainua kiatu, anaonyesha kule stesheni, halafu anaonyesha ile ploti. Kiatu, stesheni, ploti. Kiatu, stesheni, ploti. Walimpiga kwa sababu walifikiri anakiri.

Jamaa mmoja aliniambia, "Mathe, toka hapo, wacha tumalize. Nyinyi mmeshindwa na kazi." Na mwingine akarusha jiwe juu ya bega langu, likampata yule kijana kichwani. Hapo ndipo mikono yake ilipoanguka.

Tulimbeba kwenye gari. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu. Nikaona utepe mwekundu, nikakumbuka povu la sabuni, nikakumbuka nusu huku na nusu huku, na nikajua kila kitu kabla hatujafika kwenye lami. Hospitali hatukufika naye. Alikufa akinishika mkanda wa sare, na mimi nilikuwa naogopa, lakini sikuwa namwogopea yeye. Nilikuwa nafikiria kitabu.

Bosi alikuwa amesimama mezani akinisubiri. "Hii ripoti ya mtoto iko kwenye OB?"

Nikasema, "Iko, afande."

Kulikuwa na tabia pale kwetu, ya kuacha mistari miwili mitupu chini ya kila ukurasa. Kila mtu wa mezani aliifanya. Tulisema ni ya dharura. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuandika leo kitu ambacho kilikushinda jana. Mama Neema alikuwa ameshafika stesheni, nikamwita pembeni. Hajui kusoma. Nikaandika kwenye ile mistari kwamba ameripoti asubuhi hiyo saa mbili unusu na polisi wakachukua hatua mara moja, nikamwekea wino kwenye kidole gumba, akapiga. Tena akanishukuru. Na chini yake nikaandika kwamba mwanamume asiyejulikana, mshukiwa wa utekaji wa mtoto, amekutwa na kiatu cha mtoto huyo na ameuawa na umati. Mwandiko mzuri kabisa. Unaujua mwandiko wangu.

Halafu ndipo tukaenda kufanya kazi ya jana. Tulianzia nyumbani kwa mtoto, pale panapotakiwa kuanziwa, tukasema kila chumba kifunguliwe. Mtunza ploti akasema chumba cha mwisho hakina mtu na ufunguo umepotea. Nikavunja kufuli na nondo. Neema alikuwa ndani, chini ya magunia, amefungwa mikono na miguu na waya wa kuanikia nguo, kitambaa mdomoni, mdomo umepasuka, mkono wa kushoto umevunjika. Alikuwa hai. Kutoka hapo hadi mlango wa mama yake nilihesabu hatua thelathini na nane. Alikuwa amemkuta yule mtunza ploti akiiba mtungi wa gesi kwa nyumba ya mpangaji, naye akampiga ili asiseme, halafu akashindwa na la kufanya. Kiatu kilichomoka alipokuwa akimburuta, na yeye akakitupa mtaroni.

Ungekuwa ni msako wa saa moja. Saa kumi na moja jioni Neema angekuwa amebebwa na mama yake, na yule kijana angekuwa kwake anakunywa chai.

Nikwambie na hili, kwa sababu nimeamua sifichi kitu. Jioni hiyo niliingia kwenye seli ya yule mtunza ploti na rungu. Nilimpiga kwenye magoti, nikampiga mbavu, akaanguka nikamkanyaga mkono. Nilikuwa natukana kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa lugha zote. Wenzangu walinivuta watu wawili. Kwa miezi mingi walinisifu, walisema yule mwanamke ana uchungu na watoto. Uchungu gani! Nilikuwa napiga mtu mwingine kwa sababu siwezi kujipiga. Siku moja huko kazini utaona polisi anampiga mtu aliyefungwa pingu, na utasikia kwamba ana bidii. Muulize tu anaficha nini.

Mtunza ploti alifungwa. Neema na mama yake walihama, nasikia wako upande wa Naivasha, Kamere, mama alipata kazi kwenye mashamba ya maua. Mimi nikapandishwa cheo kuwa koplo, na sehemu ya sifa zangu ilikuwa kesi hiyo. Lakini wale waliomuua yule kijana hakuna hata mmoja aliyekamatwa. Ningewezaje? Nilikuwa nimeona nyuso zao. Jamaa wa petroli alikuwa anauza chipsi hapo hapo Rhonda, nikipita ananisalimia, "Sasa, afande." Kumkamata kungeleta maswali, na swali la kwanza kabisa lingekuwa mtoto aliripotiwa saa ngapi. Kwa hivyo nikamsalimia na mimi. Miaka hii yote.

Na mama yake yule kijana alienda kuchukua mwili, akaambiwa mtoto wake alikutwa na kiatu cha mtoto aliyetekwa. Hakuna aliyerudi kumwambia zaidi. Mtaani walisema lazima alikuwa anashirikiana na mtunza ploti. Kanisani walimwacha akae benchi peke yake. Alimzika na watu sita.

Nilikuwa nimejizoesha, mwanangu. Mtu huzoea. Hata pensheni nimeanza kula nikiwa nimezoea. Halafu ukasimama kwenye maombi ukasema unataka kuwa kama mama.

Alhamisi nikaenda kwake. Nilimkuta nje, amezungukwa na magunia ya makaa, mikono myeusi hadi kwenye kiwiko. Akaniuliza, "Mathe, nikupimie ngapi?" Nikasema sijakuja kununua. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia yote, kutoka povu la sabuni hadi mistari miwili. Nikamwambia mtoto wake alikuja polisi mara mbili, na kwamba alikufa akijaribu kusema.

Hakulia. Aliniuliza, "Alikuja mwenyewe? Polisi? Na vile alikuwa anawaogopa?"

Nikasema ndiyo.

Basi akainua gorogoro akanipiga nalo kwenye hili shavu. Nilianguka kwenye makaa. Akanipiga tena kwenye bega, na tena, na sikujikinga. Kijana mmoja wa bodaboda akaja mbio, "Mathe, wacha! Utaua mtu!" Yeye akamwambia, "Niache. Huyu aliniulia wangu na kalamu."

Alipochoka akaketi juu ya gunia, anahema. Akanirushia kitambaa nijifute damu. Akasema, "Mtoto wangu ana jina. Anaitwa Wekesa. Mliandika?"

"Hapana. Niliandika hajulikani."

"Basi simama."

Tukaenda pamoja kwa miguu hadi stesheni, njia ile ile aliyopita Wekesa. Mimi na damu, yeye na gorogoro lake, watu wanatuangalia. Ndiko nilikotoka nilipokuja nyumbani nikakuambia jino linaniuma.

Njoki, kesho sitakupeleka stendi. Shangazi yako atakupeleka. Saa tatu asubuhi natakiwa mbele ya wapelelezi, na inawezekana nisirudi siku hiyo hiyo. Pensheni inaweza kwenda, nyumba hii pia. Huko chuoni wanaweza kukuambia mama yako ni muongo na mikono yake ina damu. Usipigane nao. Ni kweli. Kama utataka kukaa kidogo bila kunipigia simu, nitaumia sana, lakini nitaelewa. Mimi nakupenda. Nilikupenda hata ile siku, na upendo huo ndio nilioufanya sababu ya kumfukuza mama mwenzangu. Sikulaumu wewe hata chembe. Ulikuwa na miaka sita na joto.

Siku moja utakuwa umekaa kwenye meza kama ile, umechoka, mtoto wako yuko mahali anakungoja, na mtu ataingia amelowa. Sina mashauri ya maana zaidi ya hayo niliyokueleza. Utajua mwenyewe.

Kijana aliyekuwa mezani siku ya Alhamisi ni mdogo, labda amekushinda miaka mitatu. Alitaka kutufukuza, alifikiri ni wamama wamepigana sokoni. Nikamwambia nambari yangu ya kazi ya zamani, nikamwambia achukue kalamu. Akauliza jina la marehemu. Mama yake akasema, Wekesa. Akauliza mtoto aliripotiwa kupotea saa ngapi. Nikamwambia, saa kumi kasorobo jioni.

Akaandika. Mama Wekesa akagonga meza na gorogoro, akamwambia, "Soma tena, nisikie."

Akasoma.

Mama yako.